Kisanduku jichoni mwa baba mkwe

Kaka, nimejifungia chooni kwa wakwe watarajiwa. Usicheke.

Unaijua ile kamera yangu mpya, inayotafuta jicho la ndege yenyewe na kuliwekea kisanduku cha kijani. Nikaiunganisha na tivii yao ili waone chiriku wa bustanini. Baba mkwe akapita mbele ya kamera, pale barazani. Kisanduku kikamganda jichoni.

Jichoni, kaka.

Nikasema mashine imechanganyikiwa kidogo. Papo hapo chiriku mzimamzima akatua begani kwake. Kisanduku hakikuhama.

Mzee akaitazama tivii, akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo mimi ni ndege gani?"

Mama mkwe akanijibia, "Kasuku. Miaka yote nasema."

Sasa hawasemezani, na jibu la posa yangu wanatakiwa walitoe pamoja, jioni hii.