Mama Mdogo na Kundi la Pili

Chumba Na. 4, juu ya duka la vitambaa
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje tangu uache kazi ya kupakia mizigo? Na Wifi, na watoto, wameshaizoea baridi ya huko? Mimi mwilini ni mzima. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha kuandika, maana umeuliza mara tatu kwa nini Mama Mdogo hapokei simu zako, na mara zote tatu nimekudanganya kwamba simu yake imeharibika.

Unajua nilichaguliwa kusomea utafiti. Tulikuwa kumi na wawili, wote wa hapa hapa, tukifundishwa kupima kama misaada kwa maskini inasaidia kweli au ni kelele tu. Njia yenyewe ni kura. Washonaji wa mkono mia nne; nusu wapewe cherehani mara moja, nusu wasubiri mwaka mzima, kisha unawalinganisha. Niliipenda kazi hiyo, Kaka. Hakuna kujuana, hakuna mjomba wa mtu.

Kura ikamtupa Mama Mdogo kundi la pili. Jirani yake, yule tunayemwita Kicheko, akapata.

Kesho yake Mama Mdogo alinifuata ofisini. Yeye aliyetulea tangu mama afariki akapiga magoti mbele ya wenzangu.

"Mwanangu, hamisha jina moja tu. Macho yangu hayataufikisha huo mwaka."

"Siwezi, Mama. Nikihamisha moja, kazi yote imeharibika."

"Mimi niliwahi kukuambia siwezi?"

Nikamshika mkono, nikamtoa nje. Mkufunzi alinisifu darasani, wenzangu wakanipigia makofi. Nami nilifurahi, Kaka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nyumba yake nilipaswa kumwachia mwenzangu, lakini alikataa kuhojiwa na mtu mwingine. Basi kila miezi mitatu nikaketi mbele yake na dodoso. Je, katika siku saba zilizopita, kuna siku ulilala bila kula?

"Andika ndiyo, mtafiti."

Neno mwanangu sikulisikia tena. Nilimpelekea unga, aliuacha mlangoni mpaka mvua ikaulowesha.

Kicheko alikuwa akimaliza sare ya shule asubuhi moja. Mama Mdogo alihitaji siku nne. Wateja wakahama mmoja mmoja, na kufikia mwezi wa nane kibaraza chake kilikuwa kitupu.

Matokeo yalipotoka, wenye cherehani walikuwa wamewaacha wenzao mbali sana. Ofisi nzima ilishangilia. Mimi nilijua pengo lile halikutokana na hawa kupanda tu; wale wengine walikuwa wamesukumwa chini. Nikarudi mtaa kwa mtaa, nikawakuta wengine thelathini na mmoja waliopokonywa wateja kama yeye. Nikaandika kurasa sita. Nilidhani nawatetea.

Wafadhili walizisoma, wakasema ni kazi safi. Kisha wakafuta mpango wote. Ikiwa cherehani zinawanyang'anya kazi wasio nazo, walisema, hakuna sababu ya kugawa nyingine. Kundi la pili halitapata kitu, na mimi ndiye niliyetumwa kuwatangazia.

Mama Mdogo alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia.

"Ile ya kwanza ilikuwa kura," alisema. "Hii umeninyima wewe."

Akafunga mlango, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Sasa anakaa kwa Kicheko; simu yake aliiuza zamani ili apate chakula. Anafagia vipande vya nguo na kushona vifungo kwa kupapasa, kwani jicho la kushoto limekwisha kabisa. Niwe mkweli, Kicheko hamnyanyasi. Wanakula meza moja. Ila mteja akiingia, Mama Mdogo huinuka na kwenda kukaa jikoni.

Namba ya Kicheko nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie mchana, uombe kuongea na Mama Mdogo. Mwambie unamtumia tiketi, au mwambie lolote utakaloweza, lakini jina langu usilitaje. Wiki iliyopita nilimpelekea salamu kupitia kwa Kicheko. Alijibu kwamba marehemu dada yake alimwachia mtoto mmoja tu, wa kiume, na yuko mbali.

Msalimie Wifi, na wanao mapacha uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akulinde huko uliko, na mikono yako isikose kazi.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba