Ankara Zinazohitaji Jicho la Mtu

Kwako mdogo wangu wa tumbo moja,

Salamu zitangulie, mengine yatafuata. U hali gani wewe, na wifi yangu anaendeleaje na lile goti? Mwambie asipande ngazi na ndoo kichwani, goti halina ushujaa. Watoto nao wasalimie wote, uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Yule wa mwisho, aliyeninyima mkono nilipokuja kwenu, nimemsamehe, ila akinipa mgongo tena tutagombana.

Mimi ni mzima kwa kiasi. Hicho “kwa kiasi” ndicho kilichonikalisha mezani kuandika badala ya kukupigia simu. Kwenye simu wewe hukatiza maneno, na mimi nikikatizwa huwa nashukuru na kuhamia kwenye habari nyingine. Safari hii sitaki kupata pa kuhamia. Kaa chini, soma mpaka mwisho, usiruke.

Bado niko kwenye ile kampuni ya vifaa vya usafi. Ofisi yetu ya uhasibu iko juu ya ghala, na harufu ya sabuni ya maji hupanda ngazi kutwa nzima, mpaka kwenye basi watu huniuliza natumia manukato gani. Kazi yangu ni ankara za wauzaji. Wanaotuletea ndoo, mifagio na dawa ya sakafu huleta kila mmoja karatasi yake ya kudai malipo. Naiweka kando ya oda tuliyotoa na hati ya mzigo uliofika, nahakikisha zinaongea lugha moja, kisha napitisha ilipwe. Ni kazi ya macho na subira, na kwa miaka mingi nilikuwa navyo vyote.

Mwaka huu mhasibu mkuu alituambia karatasi zimetuzidi, wakubwa wanataka kompyuta isaidie, na mbele yetu kuna njia mbili. Ya kwanza ni ile akili bandia ambayo siku hizi kila mtu anaiuliza kila kitu, kuanzia dawa ya mafua mpaka namna ya kumwandikia mwenye nyumba. Unaipiga picha ankara, unaiuliza ni ya nani na inadai nini, inakujibu kwa adabu kama mtu aliyelelewa vizuri. Ya pili ni programu iliyotengenezwa kwa ajili ya ankara tu. Hiyo haijui mafua wala mwenye nyumba, na haina habari nayo.

Ofisini kuna binti anayekaa meza ya pili, sote tunamwita Pilipili kwa sababu ya mdomo wake. Yeye ndiye aliyezipa majina. Ile ya kwanza akaiita Mjuaji, ya pili akaiita Karani. Tuliambiwa tuzijaribu mwezi mzima, mmoja wetu na hii, mwingine na ile. Mhasibu mkuu hajamaliza sentensi, mimi nikawa nimeshasema namtaka Mjuaji. Pilipili akabaki na Karani, akalalamika kwamba ameozwa mume asiyeongea.

Nikwambie ukweli, Mjuaji tulikuwa tunafahamiana naye tangu zamani, kwenye simu yangu, bila mtu kujua. Nilikuwa namwonyesha karatasi naye ananisomea sikioni, huku nimevaa visikilizio kama mtu anayesikiliza nyimbo. Anasoma hata mwandiko wa mkono. Nikimuuliza neno hili lina maana gani, ananieleza. Siku moja alinielezea mkataba mzima wa dawa ya vyoo nikauelewa kuliko mwanasheria wetu. Nilimpenda, mdogo wangu, sikufichi.

Lakini alikuwa na yake. Leo akikupangia tarehe hivi, kesho anakupangia vile. Hakukumbuka kwamba ankara ileile tulishaisoma wiki iliyopita, kwa hiyo muuzaji mmoja wa ndoo alituma ya kwake mara mbili, nami nikaipitisha mara mbili. Na karatasi ikiwa imefifia alikuwa akikisia. Si kwamba alinidanganya. Aliniambia kabisa, kwa ile sauti yake ya upole, kwamba hana hakika na namba hii, tafadhali niiangalie mwenyewe kwenye karatasi.

Karani wa Pilipili alikuwa mtu mwingine kabisa. Ankara zinaingia kwenye barua pepe, anazichukua mwenyewe, anazilinganisha na oda na mzigo, na ile ya ndoo angeikamata mlangoni. Kila alichofanya kiliandikwa, nani kapitisha na lini. Ila hakuwa na mzaha. Karatasi iliyokunjamana, mwandiko wa mkono, wino uliokwisha, muuzaji mpya asiyemjua, vyote alivitupa upande, kwenye foleni yenye kichwa cha habari chekundu: “Inahitaji jicho la mtu.”

Pilipili alinionyesha foleni hiyo akicheka. Akaniambia, “Dada, Karani akishinda, mimi na wewe kazi yetu itakuwa hii tu. Nzuri zote anakula yeye, sisi anatuachia makombo yaliyofifia.”

Nilicheka naye. Kisha nikaenda chooni, nikafungua bomba maji yakamwagika tu, huku nimeshika ukingo wa sinki.

Siku ya kikao cha kuamua niliongea kama wakili aliyelipwa. Nikasema Mjuaji ni rahisi, anaelewa wauzaji wetu wadogo wasio na kompyuta, anakufundisha huku anafanya kazi, na leo umtumie kwa ankara, kesho kwa barua. Yote hayo ni kweli. Mhasibu mkuu alinisikiliza akigonga gonga kalamu, akasema hajawahi kuniona nikipigania kitu namna ile. Pilipili, kwa upande wake, aliongea kidogo tu, akaonyesha hesabu za mwezi. Hata mimi niliona kwamba kwa kazi ya ankara Karani amenishinda. Nikazidi kubisha. Kikao kikavunjika bila uamuzi, kwa heshima yangu.

Wiki hiyohiyo mzee wa mifagio akapanda ngazi zetu. Ni mtu mzima, yeye na majirani zake hufunga mifagio na kutuuzia, na ankara zake huziandika kwa mkono. Alivua kofia, akatusalimu mmoja mmoja, akasema hakuja kugombana, ila malipo aliyopata ni ya mifagio pungufu kuliko aliyoleta, na wenzake wameanza kumtazama vibaya. Wanadhani amekula chao.

Mhasibu mkuu akaitafuta ankara. Ilikuwa imepitia kwangu. Wino ulikuwa hafifu, lakini akainyoosha dirishani akasema inasomeka vizuri tu. Akanipa karatasi mkononi, bila ubaya wowote, akasema, “Hebu tusomee idadi hapo, tujue kosa lilitokea wapi.”

Nikaishika. Nikaisogeza mbali, nikaileta karibu, nikageukia kwenye mwanga. Katikati ya karatasi niliona ukungu mdogo wa mistari. Pembeni, mahali idadi inapokaa, hapakuwa na kitu. Si giza, usije ukafikiri ni giza. Hapakuwepo tu. Nilijikaza kisabuni, nikataka kubuni namba. Nikamwangalia mzee wa mifagio na kofia yake mikononi, nikaiacha namba.

“Sioni,” nikasema.

Mhasibu mkuu akadhani nasema sioni kosa. Nikarudia. “Sioni, bosi. Siku nyingi sasa. Mashine ndiyo inayonisomea.”

Ndipo Pilipili, yule yule ambaye hajawahi kukosa neno, akanyanyuka akachukua karatasi mkononi mwangu taratibu, akaisoma idadi kwa sauti, akamwomba mzee radhi kwa niaba ya ofisi. Fedha iliyopungua ilipelekwa siku ileile, pamoja na barua ya kuwaeleza wenzake kwamba kosa lilikuwa letu. Mzee alipoaga alinipa mkono, akasema na yeye miwani yake ni ya kuazima.

Sikufukuzwa. Nakwambia mapema maana najua moyo wako unavyokwenda mbio. Mhasibu mkuu aliniita ofisini kwake, akaniuliza kwa nini sikusema. Nikamjibu kwamba mwanamke wa umri wangu, anayelipwa kwa kutazama, akisema haoni anakuwa amejiandikia mwenyewe barua ya kuachishwa. Hakubisha. Alisema tu kwamba nilipaswa kumuuliza yeye kabla ya kujijibu.

Karani amechukuliwa, na ni haki yake. Makombo yaliyofifia yanasomwa na Pilipili, nami nawapigia simu wauzaji tunapokwama, maana sauti zao nazijua na wao wananijua. Mjuaji nimeachiwa kwenye meza yangu anisomee barua, sasa bila kujificha, na hata hii ananisaidia kuiandika. Kama nafasi hiyo itadumu sijui. Mshahara haujaguswa mpaka leo, na kwa leo nimeridhika.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hayo yote ni njia tu ya kufika hapa.

Pilipili ndiye aliyenipeleka hospitali ya macho, aliomba ruhusa akanishika mkono kama mtoto wake. Walinikalisha mbele ya mashine, kidevu juu ya kibao, nikaambiwa nibonyeze kitufe kila nikiona kitaa kidogo kinawaka pembeni. Nikabonyeza mara chache, kisha nikasubiri. Nikasubiri sana. Nikamwambia nesi mashine yenu imezima. Akanijibu kwa sauti ya chini, “Haijazima, mama.”

Ni presha ya macho. Haiumi, ndiyo hila yake, inakula pembeni kidogo kidogo mpaka unabaki unatazama dunia kama kwa tundu la ufunguo. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote. Daktari akaniuliza kama kuna mwingine nyumbani mwenye tatizo hilo, kwa sababu hutembea kwenye damu. Nikasema hakuna. Njiani kurudi nikamkumbuka baba.

Unakumbuka watu walivyomsema? Eti baba ana maringo, unamsalimia anapita. Unakumbuka alivyokuwa akigonga vikombe vya pembeni mwa meza, tukimwita mzembe kichinichini? Na mama alivyotembea kushoto kwake siku zote, sisi tukidhani ni mapenzi?

Nilimpigia mama. Nikamwambia kilichonipata, nikamuuliza kuhusu baba. Akasema, “Alinikataza.” Baba alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda, na mlinzi asiyeona pembeni si mlinzi. Alimwapisha mama asimwambie mtu, hata sisi, watoto hawana kifua. Alitulea kwa lango lile, akiona mbele yake tu.

Nikamuuliza kuhusu ile siku yako. Najua hutaki itajwe. Siku uliyorudi baada ya kupotea kule ulikopotea, ukasimama kando ya lango la kiwanda na begi lako, ukimsubiri atoke zamu, naye akakupita usawa wa bega bila kugeuka. Wewe hukumwita. Uliniambia umempa nafasi ya kukutazama naye ameikataa. Ukaondoka palepale, usirudi tena ila siku ya kumzika.

Baba hakukuona, mdogo wangu. Hakujua kama ulikuja. Mama anasema baba aliambiwa na mlinzi mwenzake baada ya siku kadhaa kwamba kijana wake alikuwa amesimama pale. Alikaa kitandani akalia, mama hajawahi kumwona vile. Alitaka kukutumia ujumbe, lakini kila alipouanza ilimbidi aeleze kwa nini alikupita, na hapo ndipo alipokwama. Mama naye alidhani kwa kuwa ulikuja kumzika, umeshamsamehe. Nimemkasirikia mama siku mbili, kisha nikaacha. Mimi mwenyewe nimesimama na karatasi mkononi nikitaka kubuni namba. Najua jinsi neno “sioni” linavyokataa kutoka.

Ulilie hilo, una haki. Ukimaliza, ufanye ninalokuomba.

Wewe unaendesha basi. Nyuma yako kuna watu, pembeni yako kuna watoto wanaovuka. Wifi aliniambia mwaka huu umekwaruza basi mara mbili, upande uleule, ukasema nguzo ziliwekwa vibaya. Nilicheka aliponiambia hilo. Sasa silali vizuri nikilikumbuka. Huenda si kitu, na ninaomba isiwe kitu. Lakini najua utakachofikiri ukisoma mstari huu, utafikiria leseni, ada za shule, na tajiri wa basi. Baba alifikiria hayo. Mimi nimefikiria hayo. Nenda ukapimwe, na ukiulizwa na daktari kama yupo mwingine nyumbani, mwambie tupo.

Mfikishie wifi salamu zangu, umsomee barua hii yote, hata sehemu ya nguzo. Wabusu watoto, nao tutawapima, hatutawaficha. Mama anasema Mungu akulinde barabarani, nami nasema amina.

Usinijibu kwa barua, wala usinipigie leo. Nipigie ukiwa umekaa kwenye benchi la hospitali ya macho, nisikie nesi akiita jina lako.

Ni mimi, dada yako akupendaye.