Vitu vya Kuja Navyo kwenye Moto wa Mama Yako

Mlola,
Lushoto.
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa mpwa wangu Evelina,

Marahaba, mwanangu. Shikamoo yako nimeipata kwenye barua, na ile ya mumeo Fanueli aliyoiandika pembeni kwa herufi ndogo nayo nimeiona. Mwambie nimeitika, na siku nyingine asiandike kama anaiba. Hamjambo huko Lindi na joto lenu? Janeth wetu anatembea sasa, au bado anashika ukuta kama mlevi?

Sisi huku tu wazima. Mkaza mjomba wako Secilia anakusalimu, ng'ombe amezaa, kabichi zimekubali. Goti langu la kushoto linauma kila ukungu ukishuka, lakini goti hilo hunitangazia hali ya hewa kabla ya redio, kwa hiyo silitibu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ninayo. Mtandao wa simu kijijini kwetu unapatikana sehemu moja tu, pale kwenye kona mbele ya uzio wa mama yako. Ukipiga simu pale unapiga na yeye. Ndiyo maana maneno haya nimeyatia kwenye karatasi, mimi niliyeishia darasa la tano na la sita nikalichungulia dirishani. Mwalimu alisema nimejua mapema mno, ningewavunja moyo wenzangu.

Nianze na la moyoni. Dada yangu bado hajalegea. Tangu mlipofunga ndoa bomani miaka minne iliyopita, bila mshenga kupanda mlima huu wala yeye kuulizwa, neno lake ni lile lile: mwanaume aliyembeba binti yake kama mzigo uliosahaulika stendi hatavuka kizingiti cha nyumba yake. Na wewe ulivyo binti yake kweli kweli, ukasema asipoingia mumeo na wewe huingii. Mmefanana hadi inachosha. Katikati yenu yupo mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye bibi yake anamjua kwa picha.

Kwa hiyo hema mtakalokuja nalo mwezi ujao mimi silihesabu kuwa la starehe. Mtalipiga kwenye shamba langu la juu, hatua mia mbili kutoka kwa mama yako, na moto mtakaouwasha ndio utakaoamua kama atakuja kukaa nanyi au mtarudi Lindi mkiwa mmeona paa la nyumba yake tu. Umeuliza vifaa gani vya moto mje navyo. Umemuuliza mtu sahihi. Mimi niliwahi kuwasha moto kule Mambo, ukingoni kabisa, ukaonekana Mkomazi chini, watu wakaamka wakabeba majembe wakidhani kumekucha.

Kwanza, msituni hatuwashi. Ule ni hifadhi, na kibali cha moto hupewi kwa sababu mjomba wako ni hodari. Shambani kwangu ni salama, maharage tumeshang'oa, udongo uko wazi. Hata hivyo leteni beleshi dogo la kuchimbia shimo la moto na kufukia majivu asubuhi. Ndoo mbili za maji nitaziweka mimi.

Kuni msihangaike. Nina miwati niliyoipasua tangu Januari, imekaa chini ya bati, mikavu hadi ukiigonga inaimba. Misindano sitaki, inarusha cheche, hema la nailoni litatoboka kama chujio. Na Fanueli asije na mafuta ya taa ya kuwashia. Mama yako ananusa mafuta ya taa kwenye hindi la kuchoma toka kanisani.

Sasa lile bomba la kuvutika kama eriali, ambalo mumeo ameliona kwenye simu, la kupulizia moto kwa mbali. Nilipolisoma nilicheka mpaka Secilia akaja na maji. Nikasema, fundi wa mafriji anakuja kutufundisha kupuliza! Nayameza maneno yangu. Lileteni. Mama yako alitolewa mtoto wa jicho mwaka jana, jicho la kulia, na moshi anauogopa kuliko deni la kanisa. Ukipuliza kwa mdomo karibu, majivu yanaruka. Ukipepea kwa sahani, moshi unasambaa. Lile bomba linapeleka pumzi mahali pamoja tu.

Haya nayajua kwa sababu nilifanya majaribio. Jumamosi ya tarehe mosi, saa kumi na moja jioni, nilipanda shambani na rafiki yangu Mbaraka, yule jirani wa bustani ya karoti, tuone moto utakaaje. Nikataka mawe mazuri ya kuzungushia. Nikateremka mtoni nikachagua meusi, laini, yaliyolingana kama mayai. Kila moja lilikuwa la watu wanne, nikayapandisha mawili mawili.

Mbaraka akayatazama. "Mghoshi, mwanaume wewe, haya mawe umeyapiga mswaki? Yanang'aa kama meno ya bandia."

"Wageni wanatoka mjini," nikamwambia. "Wewe zoea mawe yako yenye kutu."

Moto ukashika vizuri, nikaweka viazi. Haikupita nusu saa, paa! Jiwe la kwanza likapasuka. Paa! La pili. Kipande kikaipeperusha kofia ya Mbaraka, na mpaka leo hatujaipata. Mimi naamini iko Mlalo. Mbaraka alikuwa amelala kifudifudi kwenye matuta akitaja majina yote ya Mungu anayoyajua. Mimi nilibaki nimesimama, ingawa yeye atakusimulia vingine.

Mara tukamwona mama yako anapanda, kanga kiunoni, jembe mkononi.

"Silvano! Mnapasua mwamba?"

"Shikamoo, dada. Ni majaribio."

"Majaribio ya kumuua mtoto wa watu? Umeyatoa wapi haya?"

"Mtoni."

Akaniangalia kama anavyomwangalia ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi. "Jiwe la mtoni limekunywa maji miaka yote hiyo. Unaliweka motoni, maji yatokee wapi? Mwanamke yeyote anajua hili. Ila wewe jikoni hukuwahi kukaa, unaingia kufunua sufuria na kutoka."

Akayasukuma yote kwa jembe, moja moja, akatuelekeza mawe ya shambani kule mpakani yenye jua la miaka. Tukayabeba sisi, wazee wazima, kama watoto wa shule waliochelewa. Moto ukakaa sawa. Na Evelina, hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nilikuwa nimelipanga tangu mwanzo, ila sikujua litakuja kwa njia ya mlipuko: mama yako alikaa.

Alikaa kwenye kigoda cha Secilia tulichokuja nacho. Akachukua kiazi, akakimenya, akapuliza vidole. Baridi ilikuwa imeshaanza kushuka na miguu yake akainyoosha kwenye moto. Nikanyamaza. Mimi! Mbaraka akanitazama kama naumwa.

Mama yako akauliza, macho kwenye makaa, "Na huyo atakaa wapi?"

Hakutaja jina. Mbaraka ndiye aliyesema, "Upande wa moshi, dada. Tumempangia huko makusudi."

Akacheka puani. Mara moja tu, lakini nilisikia.

Hapo ndipo nilipomwambia neno ambalo nikifa mtaliandika msalabani. Nikamwambia, dada, wewe uliapa kwa kizingiti. Hapa kizingiti kiko wapi? Moto hauna mlango, hauna paa, hakuna anayemkaribisha mwenzake. Kila mtu anakuja na baridi yake. Kiapo chako kitabaki nyumbani kimekaa, wala hakitaguswa. Alisema viazi havina chumvi, akataka kuinuka.

Na hakuweza. Nyonga, mwanangu. Kigoda kile kifupi kilimshika. Alijaribu mara mbili, mimi na Mbaraka tukageuka kutazama ng'ombe ambao hawakuwapo, mpaka aliposhika mpini wa jembe akasimama. Sasa sikiliza vizuri. Vile viti vya kambi vya turubai vinavyommeza mtu mpaka magoti yafike masikioni, msimletee mama yako. Akishindwa kuinuka mbele ya mkwe wake, usiku wote umeharibika, na hatarudi. Leteni kiti cha kukunja kirefu, chenye mgongo mgumu na mikono ya kushikilia. Kimoja tu kinatosha. Sisi wengine tutakalia magogo.

Kiti hicho kiwekwe upande wa juu. Kwetu, jua likishazama, upepo unatoka msituni unateremka bondeni, kwa hiyo moshi unaenda chini. Fanueli atakaa upande wa chini, kwenye moshi, kama Mbaraka alivyoahidi. Mwambie asilalamike. Akifuta machozi, afute tu. Mama yako akiona mkwe analia mbele yake bila kupigwa, litamsaidia.

Zile taa za kufunga kwenye paji la uso, mkizivaa mzizime mkifika kwenye moto. Mtu akikugeukia kukuamkia na ile taa, anakumulika usoni kama anamtafuta mwizi. Fanueli akimmulika mama mkwe, mimi nitatembea kwa miguu mpaka Mombo na sitarudi. Leteni taa ya kutundika, nitaifunga kwenye mti.

Wavu wa chuma wa kuchomea leteni, wenye miguu. Kibano kirefu cha kugeuzia mahindi pia, na glovu za ngozi. Geuza wewe, Evelina, si yeye. Yeye kazi yake iwe kuni na bomba. Mama yako anataka kuona anatumika, lakini akimwona anapika atasema binti yangu ameolewa na dada mwenzake.

Mablanketi msiyapime kwa akili ya Lindi. Julai ya huku si mchezo. Mwaka ule nilipolala Magamba na wazungu wa ndege, wale wa kutazama ndege kwa miwani, baridi ilikuja kali hadi mbega wakashuka mitini, saba, wakajipanga kuzunguka moto wangu. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa ananisogezea kuni. Sisemi uongo, yule mzungu alipiga picha, ila aliondoka nayo. Janeth avalishwe kofia ya sufu, soksi mbili mbili, na alale ndani ya hema kabla umande haujaanza, akishambusu bibi yake. Kama atambusu.

Kwa maana mpaka jana, mwanangu, sikuwa na hakika. Nimekuandikia kwa majigambo, lakini Secilia ndiye anayejua kwamba wiki nzima nilikuwa sili vizuri. Niliona nimesema sana pale motoni. Mama yako alipita kwangu mara mbili bila kuingia. Nikajiambia, Silvano, umeliharibu kwa mdomo, kama kawaida yako.

Leo baada ya misa ameningoja nje, chini ya kengele. Amevaa kile kitenge cha Pasaka. Hakuzunguka. Akasema, "Nitakuja kwenye huo moto wako. Nitakunywa chai. Chai ikiisha, naondoka. Na asinipe mkono mpaka nimpe."

Nikasema sawa, dada. Nikaona ni kidogo, lakini nani alitupa hata kidogo hicho miaka minne? Nikamshukuru, tukaachana. Alishafika kwenye ngazi za barabarani ndipo akageuka, mbele ya wanakwaya wote, akaniita.

"Silvano. Birika lenu nimeliona. La vikombe vinne lile. Mtu anakuja na mtoto kutoka Lindi, mnamchemshia chai kwenye kijibirika?"

Akaenda zake. Nimesimama pale mpaka mlinzi wa kanisa akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Basi, Evelina, haya mengine yote niliyoandika mkiyasahau, tutaazima kwa majirani. Leteni birika. Zuieni basi hata Mombo kama ni lazima, shukeni mkanunue lile la kambi za harusi, la lita kumi, lenye mpini wa juu wa kulitundikia motoni. Majani ya chai ninayo, maziwa ng'ombe anatoa, tangawizi imejaa shambani. Nitachemsha polepole. Nitakuwa mpishi mvivu kuliko wote Usambara nzima.

Nisalimie Fanueli, mwambie mjomba wake anamngoja na miwati. Mbusu Janeth. Secilia anauliza kama anakunywa uji wa mtama. Mbaraka naye anawasalimu, anaomba mtu yeyote atakayepitia Mlalo amtazamie kofia.

Mungu awashike mkono tangu mnapofunga mlango huko mpaka mnapokanyaga udongo wetu. Na asiache mtu hata mmoja njiani.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye tangu hujajua kutembea,

Silvano