Siku Tulipoanza Kuheshimiana

Mtani wangu Masanja,

Ni mimi, Salumu, yule Mzaramo mla nazi. Nimekaa hapa hapa barazani kwa Mhindi, cherehani nimeifunika, na suruali ya watu iko mapajani mwangu mguu mmoja umeshonwa na mwingine bado. Mwenyewe atakuja kesho na atanisema. Na aniseme. Leo nakuandikia wewe, ingawa hata ulipokuwa hai ulikuwa hujui kusoma. Ulikuwa unaniletea barua zako nikusomee, halafu ukidai nimezisoma vibaya.

Leo una siku arobaini na mbili kaburini. Najua nyumbani kwenu Didia hamhesabu hivyo, lakini mimi nimehesabu, maana ndivyo nilivyolelewa.

Mvua zimekatika mapema. Pamba imetoka fupi, na wakulima wanaokuja mjini wana nyuso za watu waliotoka kusutwa. Mkokoteni wako anauendesha shemeji yako. Yule ng'ombe wako uliyempa jina Refa, kwa sababu anasimama anapotaka yeye na hakuna wa kumwuliza, juzi alisimama katikati ya barabara ya stesheni mpaka gari la Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, likapita porini. Shemeji yako alimpiga. Wewe ulikuwa humpigi, ulikuwa unambembeleza kwa Kisukuma sikioni. Nilitaka kwenda kumwambia shemeji yako, kisha nikaona mimi ni nani wa kusema juu ya mambo yako. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka tulivyojuana? Mimi nilifika Shinyanga na reli, mwaka wa tatu baada ya vita vya Hitila, simjui mtu. Siku ya kwanza tu nimeweka cherehani, akasimama mbele yangu Msukuma mrefu mwenye fimbo ya ng'ombe, mguu mmoja mfupi, akaniuliza kabila. Nilipokutajia ulicheka mpaka ng'ombe wako wakageuza vichwa. Ukasema babu zako walibeba mizigo mpaka kwetu, wakatukuta tumelala chini ya mnazi tunangoja nazi idondoke, na je, imeshadondoka? Nikakujibu kwamba babu zako hao walipoiona bahari walidhani ni bwawa, wakauliza nani amechimba. Basi. Tangu siku ile nikawa na ndugu katika mji huu, na sikuwahi kukuita kwa jina lako. Nilikuita mtani, au Kiguru, na kila ulipopita barazani nilikuuliza lini utaurefusha huo mguu uliokanyagwa na gurudumu la mkokoteni, niache kukupunguzia suruali upande mmoja.

Na mpira, ee Masanja, mpira ndio uliotutia wazimu. Jumamosi tunakwenda uwanjani nyuma ya stesheni, Jumatatu kesi inasikilizwa hapa barazani. Wewe hukuwahi kuupiga mpira, mimi niliupiga mara moja nikavunja kioo cha duka, lakini kwa kupanga timu hakuna aliyetuweza. Ulitaka Nkwabi aondolewe ubeki kwa kuwa alikuwa anapiga mguu wa mtu na kuuacha mpira. Mimi nilisema mguu ukishapigwa, huo mpira utakwenda na nani? Golikipa ulimpenda, mimi nilimwona anaomba Mungu wakati wa kudaka na kudaka wakati wa kuomba. Kuhusu kepteni tulikubaliana kwamba alipewa ukepteni kwa sababu ya sauti. Tulikubaliana hilo tu, kwa miaka yote.

Halafu akatokea Lutonja. Alikuja kutoka Kishapu na magunia ya pamba ya baba yake, akaona watu wanacheza, akavua shati akaingia winga ya kushoto. Tangu siku hiyo mji huu haukuzungumza kitu kingine. Mimi ndiye niliyemshonea jezi, ya kitambaa cheupe cha marekani chenye mkanda mwekundu kifuani. Alicheza pekupeku misimu miwili, na mabeki wenye viatu walikuwa wakimkimbia.

Ndipo alipokuja yule karani kutoka mgodi wa dhahabu kule Geita, na mkataba mkononi. Miaka miwili. Kazi ya stoo, chumba cha kulala, viatu vya mpira, na kila Jumamosi acheze timu ya mgodi. Walitaka tu barua ya timu yetu kusema kwamba kijana ameagana nasi kwa amani. Na katibu wa timu nilikuwa mimi, kwa ajili ya mwandiko wangu mzuri.

Mji ukagawanyika. Buchani watu walisema timu isiyoweza kumnunulia mchezaji hata kamba ya kiatu haina haki ya kumzuia. Stesheni walisema tumemlea sisi, aende wapi? Mzee mmoja alisema kwamba kwenye mashindano ya ngoma mtu hahami upande wake hata akifa, sembuse kwa ajili ya chumba. Tulipokutana hapa barazani, wewe ulisimama na fimbo yako ukasema, "Mwacheni kijana aende. Miguu ya mchezaji ni kama mvua za kwetu. Ikikatika haikuulizi kama ulishapanda."

Mimi nilikataa. Nilisema mengi juu ya timu na juu ya heshima ya mji. Sasa nakwambia lile ambalo sikulisema. Sikuwa na habari na heshima ya mji. Mimi ni mtu wa kuja. Siku sita za wiki watu wananiita fundi, wananitupia suruali zao wanakwenda. Lakini Lutonja alipofunga bao, watu wasiolijua hata jina langu walinikumbatia. Niliogopa, mtani. Niliona akiondoka yule, sitakumbatiwa tena na mtu. Uoga ule ndio ulionipandisha hasira.

Nikasimama. Nikasema, "Masanja Lubinza, mtu mwenye mguu mmoja hana la kuwafundisha watu juu ya mpira."

Kiguru nimekuita mara ngapi? Hazina idadi. Lakini siku ile nilikuita kwa jina lako na la baba yako, mbele za watu, na kila aliyekuwepo alijua kwamba huo si utani. Hukunijibu kwa nazi wala kwa minazi. Ulisema tu, "Sawa, Bwana Salumu." Ukachukua fimbo yako ukashuka ngazi, na nikakuona ukijitahidi usichechemee.

Tangu hapo tukaanza kuheshimiana. Nadhani hakuna adhabu kubwa kwa watani kuliko hiyo. Ulipita asubuhi ukasema, "Hujambo, Bwana Salumu," nami nikasema, "Sijambo, Bwana Masanja, habari za nyumbani." Miezi minne! Watu waliotuzoea walikuwa wanainamisha macho tukisalimiana, kana kwamba wameona jambo la aibu. Kila siku nilisema kesho nitamtukana. Kesho ikija, ulimi unakuwa mzito.

Lutonja alikuwa ameondoka wiki ile ile ya ugomvi wetu, bila barua, mgodi ukampokea hivyo hivyo. Siku ya mwisho aliniletea jezi yake, ameifua na kuikunja vizuri, akaiweka hapa pembeni ya cherehani, akaniamkia. Sikumwitikia. Akaniamkia tena. Mtoto wa watu ananiambia shikamoo mara mbili na mimi nafunga uzi kwenye sindano. Alipoondoka niliikata ile jezi, nikaifanya tambara la kupangusia mafuta ya cherehani.

Kisha ukaugua. Niliambiwa ni homa, nikasema homa humwacha mtu. Siku ya nne nikaja hospitali na machungwa. Mkeo, Mama Kabula, alikuwa amekaa chini karibu na kitanda chako, akaniona, akafurahi, akajivuta pembeni nipate nafasi. Ulifumbua macho. Ulinitazama, ukangoja. Mungu wangu, Masanja, najua ulikuwa unangoja nini! Nilitakiwa nikuulize kama umekuja kulala hapo kwa sababu kitanda cha serikali kina godoro. Nilitakiwa niseme Wasukuma hawafi, wanaishiwa ugali tu. Nilikuwa nayo yote mdomoni. Nikasema, "Pole sana, Bwana Masanja. Mungu atakuafu."

Ukageukia ukutani. Siku ya tatu baada ya hapo ukafa.

Msibani kwako Didia watu walinipisha nipite mbele. Mzaramo anayekujua katika nchi hii ni mimi peke yangu, kwa hiyo kazi ya mtani ilikuwa yangu. Nilipaswa kuruka kaburini nikatae usizikwe mpaka nipewe kuku. Nilipaswa kuvaa kofia yako na kushika fimbo yako, nikuigize mbele ya wafiwa ulivyokuwa unatembea, ulivyokuwa unambembeleza Refa, mpaka watu wacheke ndani ya machozi yao. Na kukuigiza wewe ni kuchechemea. Masanja, ningechechemeaje mimi? Mguu ule ule? Nilivua kofia yangu nikasimama kama karani aliyetumwa na ofisi. Wazee wakaanza kunong'ona. Mama Kabula akanyanyua uso akaniambia, "Mtani, mbona umenyamaza? Na wewe ukilia, mimi nani atanifuta machozi?" Ukazikwa kimya, kama mtu asiyekuwa na mtani duniani.

Sasa nikwambie la Jumamosi iliyopita. Timu ya mgodi ilikuja kucheza na sisi. Uwanja ulijaa mpaka juu ya mabehewa. Lutonja alipoingia walimzomea, msaliti, msaliti, na wengi ni wale wale waliokuwa wakimbeba mabegani. Amenenepa kidogo. Viatu vinang'aa. Nkwabi alimpiga mguu kama kawaida yake, na safari hii mpira, Lutonja ameshaupiga, ulikwenda wenyewe bila mguu, mpaka wavuni. Moja bila, tumefungwa sisi. Wewe ungesema ulishamkataa Nkwabi tangu zamani. Lutonja hakuruka wala hakunyanyua mkono. Aligeuka akatazama pale kwenye kona ulipokuwa unasimamisha mkokoteni, akatazama sana, kwa sababu hakuwa amepata habari.

Baada ya mchezo akaja hapa barazani. Nilikuwa napangusa cherehani. Akaniamkia, na safari hii nikaitikia, marahaba. Akauliza, "Mzee Masanja yuko wapi?" Nikamwambia. Alikaa chini sakafuni, na jasho lake na viatu vyake, akalia waziwazi kama mtoto. Kisha akauona mkanda mwekundu kwenye lile tambara mkononi mwangu. Akaelewa. Nilitamani baraza ipasuke niingie.

Ndipo akaniambia kwamba siku ile alipoondoka, wewe ndiye uliyempeleka kwa mkokoteni mpaka kwenye lori. Na kwamba ulimpa salamu zangu, naye alidhani mimi na wewe tumeshapatana zamani, hakuona haraka ya kuzileta. Alinyanyuka akazisema kwa sauti yako, na fimbo ya hewani: "Ukirudi kutufunga, pita kwa yule mla nazi umwambie, kiguru amekusindikiza mpaka kwenye lori, na yeye mwenye miguu miwili ameshindwa kunyanyuka kwenye cherehani. Na mwambie akitaka yaishe aje anitukane vizuri, maana lile la siku ile hakulijulia."

Kumbe ulikuwa umeshalifanya utani! Siku ile ile! Miezi minne yote ulipokuwa unaniita Bwana Salumu, ulikuwa unaningoja mimi. Nilicheka, Masanja. Nilicheka mpaka Mhindi akatoka dukani, na alipotoka akanikuta nimeshika uso kwa tambara la mafuta, nalia.

Jumapili nilitembea na Lutonja mpaka Didia. Ilikuwa siku ya arobaini. Nilisimama kwenye ua wako nikaita, nani ameruhusu Msukuma huyu azikwe bila mimi kupewa kuku wangu? Watoto wakashtuka. Nikaingia ndani bila hodi, nikatoa kofia yako, nikatoa fimbo yako. Mama Kabula akasimama mlangoni, mkono kinywani. Nikatembea. Nikachechemea uani kwako kutoka zizini mpaka jikoni, namtukana Refa, namwambia yeye ni mwamuzi asiyejua sheria, nasimama kupumzisha mguu na kudai nimesimama kwa kupenda kwangu, kama ulivyokuwa unafanya wewe. Mama Kabula alicheka. Alicheka akakaa chini, akalia, akacheka tena. Akasema, "Ndiye. Ndiye huyo. Wabeja, mtani, asante sana." Kuku nilipewa, jogoo mzee mgumu kama wewe.

Kisha nilikuja kaburini kwako nikakutukana vizuri. Sitayaandika hapa, umeyasikia.

Barua ya Lutonja nimemwandikia, kwa mwandiko wangu wote, kwamba timu imeagana naye kwa amani. Mkataba wake umeshafika karibu robo, haina kazi tena, lakini aliikunja akaitia kifuani. Nimempima na bega, nitamshonea jezi nyingine ya mkanda mwekundu, aivae akiwa nyumbani.

Nakuahidi jambo moja. Kila mwaka pamba ikishavunwa nitakuja Didia nichechemee uani kwako, mpaka wajukuu zako wasiokuona wajue babu yao alivyokuwa anatembea. Nikizeeka nikawa kiguru kweli, kazi itakuwa nyepesi.

Kwaheri, mtani. Lala na mguu wako mfupi, kaburi walilichimba refu bure. Na siku nitakapofika huko, tafadhali usinyanyuke kunipa mkono, wala usiniite Bwana Salumu. Nitukane.

Mzaramo wako.