Mama wa Kasigau Niliyemwambia Alete Uji

Mshauri wetu, nisikilize kabla sijapasuka, mimi ni muuguzi katika hospitali moja hapa Voi, mwaka wa sita sasa, na vifo nimeviona, lakini hiki cha Jumatatu kimekataa kunitoka akilini. Kijana mmoja wa Kasigau, Mwandawiro, alifariki saa tatu asubuhi nikiwa zamu, na daktari hajamaliza hata kuandika, mama yake akapiga simu ya wodi akauliza, "Sista, ameamkaje? Nimempikia uji, nije nao?" Tumekatazwa kutoa habari ya kifo kwa simu, na niliogopa aanguke njiani, nikajikuta nikisema, "Njoo nao, mama." Basi akaja, barabara mbovu yote ile, chupa ya uji mapajani, akaingia akisalimia wagonjwa, akakuta kitanda kimeshatandikwa. Alipopiga mayowe nikamwambia anyamaze, wengine wanapumzika, Mungu anisamehe, kisha nikakimbilia stoo nikalia. Mazishi ni Jumamosi, sista mkuu anasema nisiende, nitajitafutia maneno, nami sili wala silali. Niende?

Nzilani, Voi

Nzilani, pole sana. Sasa kaa nikwambie. Kwa kutotangaza kifo kwenye simu, hukukosea. Ungesema, "Mama, hali yake imebadilika, njoo na mtu," angalau angefika akiwa na wa kumshika. Wewe ulimpa matumaini ili upate kupumua. Na hilo la kumnyamazisha! Aliyefiwa hulia, dada. Ungemtafutia chumba na kiti, ukakaa naye.

Usingoje Jumamosi, siku hiyo hatakuwa na nafasi ya kukusikia. Nenda kwao kesho mchana, bila sare, na sista mkuu mwambie unapeleka rambirambi. Ukifika usijifiche jikoni kwa wanaomenya viazi. Keti karibu na mama, useme: "Ulipopiga simu alikuwa ameshafariki. Nilijua, nikakuficha. Nisamehe." Sheria za hospitali ziache Voi. Mapenzi ya Mungu waachie wachungaji. Akikufukuza, ondoka bila kujitetea. Akinyamaza, nyamaza naye.

Lakini usiondoke kwa haraka, kwa sababu atakuuliza. Je, aliumia sana? Aliniita? Nani alikuwa naye? Hakuna mwingine Kasigau nzima wa kumjibu, na wewe umekaa na majibu hayo tangu Jumatatu. Ni yake. Mpelekee.