Mwanao Hakuiba Dizeli

Gereji ya nyuma ya soko,
S.L.P. 418.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Shemeji naye vipi, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Huku kimwili hatujambo. Wifi yako anakusalimu, ingawa mimi hanisalimii vizuri siku hizi, na ukimaliza kusoma utamwelewa.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika panapouma.

Dada, hii sheria ya mazingira imetutoa jasho. Tangu mwaka uanze, kila basi la abiria lazima litumie dizeli iliyochanganywa na mafuta ya mimea, ili moshi upungue. Sina ugomvi na moshi kupungua, nami nina mapafu. Ila walitoa amri kwanza, mafuta yenyewe yakafuata kwa kusuasua. Mji mzima kituo kimoja tu ndicho kinachouza huo mchanganyiko, na kwenye foleni yake utaota ndevu. Ukiweka dizeli ya zamani, anakuja mkaguzi, tunamwita Bwana Chupa maana hatembei bila vichupa vyake, anavuta mafuta kidogo kwenye tangi, na stika ya barabarani huioni tena.

Na basi langu linabeba manesi wa zamu ya asubuhi. Wale hawajui foleni, wanajua wagonjwa.

Nikajiona mjanja. Sheria si imesema mafuta ya mimea? Nikaenda kwa mama wa mgahawa, nikachukua mafuta aliyokwisha kukaangia, nikayachuja kwa kitambaa. Mwanao, ambaye ndiye fundi wangu, akaniambia, "Mjomba, hayo mpaka yapikwe kiwandani kwanza. Hivyo yalivyo ni mazito, yataziba chujio na nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini." Nikamjibu kwamba nilishika usukani yeye akiwa bado ananyonya. Nikasubiri aende kula, nikayamimina kwenye tangi juu ya dizeli.

Basi likanuka jiko. Manesi wakawa wananiuliza chakula kinaiva saa ngapi, nikacheka nao. Ikaja asubuhi ya baridi, likazimika katikati ya mlima, likagoma kabisa. Manesi wakaupanda kwa miguu na viatu vyao vyeupe, na hakuna aliyeuliza tena habari za chakula.

Tukalikokota mpaka gereji, na mchana Bwana Chupa akafika. Akavuta, akanusa, akauliza nani kajaza takataka hii. Mafundi wote wapo, wifi yako yupo. Dada, kidole changu kikaenda kwa mwanao. Nikasema ameuza dizeli yangu akajazia mafuta ya jikoni. Alifuta spana, akaipanga mahali pake, akaondoka.

Jioni nikakupigia wewe, nikarudia maneno yale yale, maana niliogopa atakuwahi. Nikakusikia unalia. Nikakata simu, nikala.

Sasa nasikia hupokei simu zake. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si basi.

Basi lenyewe nililiitia mafundi wengine. Kila mmoja aligusa hapa na pale, akatikisa kichwa, akaniomba nauli ya kurudi. Juzi mwanao akaja mwenyewe bila kuitwa, kwa ajili ya wale manesi. Akashusha tangi, akaliosha, akabadilisha chujio, akasafisha nozeli moja moja. Lilipowaka nikaanza kumshukuru. Akanawa mikono, akasema, "Mjomba, gari nimelitengeneza. Jina langu utalitengeneza wewe."

Pale gereji nimeshasema ukweli, wote wakisikia. Bwana Chupa nimemfuata ofisini, akanipiga faini na kunipa karatasi ya maelekezo. Karatasi hiyo, nakuapia, ingetolewa kabla ya amri ningeisoma. Au nisingeisoma. Mwanao alinieleza yote bila karatasi na sikusikia, kwa hiyo niiache sheria ipumzike.

Umebaki wewe. Mwanao hakuiba hata tone. Mwongo ni mimi, mdogo wako uliyemlea mwenyewe.

Usinijibu kwanza, mpigie yeye. Wenzake wananiambia hata akiwa chini ya gari, simu anaiweka kifuani. Mimi nipo, hasira zako nitazipokea zikifika.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako, na yule jirani yenu mcheshi. Mungu akupe nafuu ya goti, na akurudishie mwanao niliyekupokonya kwa mdomo.

Wako akupendaye, japo kwa aibu,
Mdogo wako, mwenye basi