Balbu Mbili, Swichi Moja

Jumamosi, Kitengela. Upepo umebeba vumbi yote ya barabara ukaimwaga kwa chai yangu, na mimi niko tu hapa mlangoni, nimeshindwa.

Mjue kwanza mnasoma nani. Mimi ndiye fundi wa stima mkali zaidi kutoka hapa mpaka Isinya, na siombi mtu ruhusa ya kusema hivyo. Kwa hivyo sista yangu Wambui, anayesoma hesabu chuo kikuu, aliponiambia Jumatano kuna hesabu siwezi, nilicheka mpaka mathe, mama yetu, akauliza kama niko sawa.

Alinieleza hivi. Kuna makundi ya namba yanaitwa ring: unajumlisha, unatoa, unazidisha, na bado hutoki nje. Ndani yake kuna namba zinaitwa yuniti, na si zile za tokeni za stima. Ukizidisha na yuniti, kuna ingine ya kuzidisha tena ikurudishe ulikotoka. Kwa namba nzima za kawaida ni moja na hasi moja tu, na hizo ukizijumlisha zinajenga namba yoyote. Saba ni moja ikijumlishwa mara saba.

"Hiyo hata kuku wa mathe anajua," nikamwambia.

Akaniletea ring ingine. Kila namba ni jozi, sufuri au moja huku, sufuri au moja kule, kila upande unahesabiwa peke yake, na moja ukiongeza moja inarudi sufuri. Yuniti iko moja tu: (1,1).

"Nijengee (1,0) kwa kujumlisha yuniti peke yake. Ukishindwa kufikia Jumamosi, Jumatatu unaanza masomo ya watu wazima."

"Na nikiweza, unanifulia nguo mwezi mzima."

Nikafunga balbu mbili kwa ubao, moja kwa kila upande wa jozi, swichi moja. Ikiwaka ni moja, ikizima ni sufuri. Kubonyeza ni kuongeza yuniti. Zinawaka zote. Zinazima zote. Siku tatu hivyo. Leo asubuhi nikalegeza balbu moja, nikamwita. Akaiangalia, akaikaza.

"Kevo, hiyo si kujumlisha. Hiyo ni kung'oa."

Sasa niseme ukweli. Nilijua tangu nibonyeze mara ya kwanza. Fundi gani hajui swichi moja haichagui balbu?

Nilikuwa nanunua muda, si kutafuta jibu.

Huwa naambia watu niliacha kidato cha pili kwa sababu kazi iliniita. Hakuna kazi iliniita. Mwalimu ndiye aliniita ubaoni. Nikasimama na chaki, darasa lote nyuma yangu, na sikuwa na kitu hata moja ya kuandika. Nikasema naenda choo.

Sijarudi mpaka leo.

Saa nane nikamwambia Wambui, "Haiwezekani. Ni kuwaka zote ama kuzima zote, hakuna kwingine inaenda." Nilidhani atanicheka. Akanipatia fomu ya kujiandikisha.

"Hapo umethibitisha, ndugu yangu. Jumatatu utawaandikia wenzako darasani hiyo ubaoni."

Hajui alichosema.

Fomu iko juu ya friji. Jina nimeshaandika, hiyo sehemu haikuwa ngumu. Je, mkono huu utakubali kushika chaki?